Gemu za kulinda minara, za kadi na zisizo za kadi: ipi ikufae ukiwa Kigoma?

Kama simu yako ina nafasi ya gemu moja tu ya kulinda minara, na unaishi Kigoma, jibu langu ni Kingdom Rush. Najua wengi watanikatalia. Vijiweni pale Mwanga kinachochezwa ni Clash Royale, na anayecheza kitu kingine anaonekana kabaki nyuma. Sina ugomvi na Clash Royale. Kwa ufundi wa kadi sijaona inayoifikia. Ila gemu nzuri na gemu inayokufaa ni mambo mawili, na kati ya hizi nne ninazozilinganisha, tofauti kubwa haiko kwenye picha wala kwenye mazimwi. Jiulize mtandao wako ukoje, mfukoni una nini, na ukikaa wiki mbili bila kuifungua gemu utakuta imekuacha wapi.

Zote nne ni za dunia ya kubuni: ngome, wachawi, majitu, mifupa inayotembea. Zote zinakupa kitu cha kulinda na adui anayekuja kukivunja. Zinapoachana ni kwenye kadi. Clash Royale, Rush Royale na Prime World: Defenders zinakutaka ukusanye kadi, uchague chache za kwenda nazo vitani, kisha uzikuze. Kingdom Rush haina kadi. Minara ya msingi unaiona mbele yako, kazi yako ni kujua ipi uijenge wapi na lini.

Clash Royale: ufundi mkubwa, uwanja usio sawa

Hii ni ya Supercell ya Ufini, ilitoka duniani kote Machi 2016. Kila mchezaji ana minara 3, miwili ya pembeni na mmoja wa mfalme, na unashambulia huku unalinda. Unaingia na kadi 8, lakini mkononi zinaonekana 4 tu kwa wakati mmoja. Kila kadi ina bei yake kwa eliksiri, ile dawa ya zambarau inayojaa chini ya kioo. Tone moja huingia kila baada ya sekunde 2.8, na chombo hujaa kwa matone 10. Kikijaa na wewe umetulia tu, yanayofuata yanapotea. Mechi ni dakika 3, na dakika ya mwisho dawa inaingia kwa kasi maradufu.

Utamu wake uko kwenye hesabu. Mwenzako akitoa Minion Horde, lile kundi la vijitu vinavyoruka, ametumia 5. Ukivifyeka kwa Arrows umetumia 3. Una 2 zaidi yake, na hizo 2 ndizo zinazoweza kukuletea mnara muda mfupi baadaye. Akikuletea P.E.K.K.A wa 7, lile jitu la chuma, humwendei kwa nguvu. Unamtupia Skeletons wa 1 katikati ya uwanja, anageuka kuwahangaikia, na wakati anahangaika minara yako inamla taratibu. Kuna na jambo la mnara wa mfalme: unalala mpaka uguswe au mnara wa pembeni uanguke. Mchezaji aliyekomaa humvuta adui kwa makusudi auguse mapema, ili kuanzia hapo alindwe na minara mitatu badala ya miwili. Aliyewahi kusimama nyuma ya wazee wa Ujiji wakicheza bao ataitambua raha hii ya kuona mtu anatoa kidogo sasa kwa sababu ameshahesabu atakachovuna baadaye.

Kwa upande huo naisifu bila kubakiza. Shida iko kwenye levo.

Chukua kadi mbili tu. Musketeer, yule mwanamke mwenye bunduki, ni wa 4. Fireball, mpira wa moto, nayo ni 4. Zikiwa levo moja, Fireball ikimwangukia Musketeer anabaki na uhai kiduchu na anaendelea kufyatua. Fireball ikimzidi levo moja tu, anakufa papo hapo. Levo moja huongeza nguvu na uhai kwa takriban asilimia 10, na hiyo asilimia 10 inatosha kuvuruga hesabu yote niliyoieleza hapo juu. Wewe umecheza sawasawa, umeweka kadi mahali pake na kwa wakati wake, na bado askari wako kafa kwa sababu mwenzako ana dhahabu zaidi. Levo zinapanda kwa dhahabu na kwa nakala za kadi. Vyote viwili vinapatikana polepole kwa kucheza au haraka kwa kulipa.

Hapa ndipo ninapowaonea huruma wachezaji wa huku kwetu. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Vijana wa mialoni walikuwa na muda tele na hela hawana. Gemu ya kadi ya bure inavutia mno wakati kama huo, maana kuingia hakuna kiingilio. Unapanda vikombe, yaani alama za ushindi, kwa akili yako, unapanda tena, halafu unafika mahali ambapo unaokutana nao wana kadi zilizokupita levo mbili, na kutoka hapo akili peke yake inasukuma polepole sana. Aliyetoboa bila kulipa yupo, tena anastahili heshima, lakini ametoboa kwa miezi na miezi ya kuingia kila siku.

Kuingia kila siku nako si kwa kila mtu. Mvuvi wa dagaa anafanya kazi usiku wa giza, taa zikivuta samaki. Mbalamwezi ikiwaka anapumzika. Muda wake wa gemu unakuja kwa mafungu, siku kadhaa mfululizo halafu kimya. Clash Royale inaendeshwa kwa misimu ya karibu mwezi mmoja mmoja na kazi za kila siku zenye zawadi. Asiyeingia hapewi, na asiyepewa anaachwa levo.

Pia mechi haisubiri. Unacheza na mtu halisi papo kwa papo. Mtandao ukikata, yeye anaendelea na minara yako inabomoka. Mtandao ninaoutumia mimi huyumba jioni watu wote wakiwa hewani, na huo ndio muda wa wengi kucheza. Kwa upande wa bando, mechi zenyewe hazili sana. Kinachokula ni apdeti, na apdeti ya gemu ya mtandaoni huwezi kuikwepa, kwa sababu usipoapdeti hufunguliwi mlango.

Kama umeamua ni hii, ushauri wangu ni mmoja: chagua kadi zako 8 mapema, za bei nafuu na zinazopatikana kirahisi, na dhahabu yako yote iende kwenye hizo. Anayekuza kadi 30 kwa pamoja anabaki dhaifu kwenye zote. Tafuta na mashindano ya ndani ya gemu ambayo levo zimewekewa kikomo. Huko ndiko utajua kweli unacheza vizuri au la.

Rush Royale: ya watu wawili

Majina yanafanana, gemu hazifanani. Rush Royale ilitoka 2020, ni ya MY.GAMES, na yenyewe ni ya ulinzi mtupu. Una uwanja wa vyumba 15 na kadi 5. Unalipa mana, ile nguvu ya kuitia askari, na askari mmoja kati ya aina zako 5 anatokea. Atakuwa yupi na atakaa chumba kipi, huchagui wewe. Kila ukiita mwingine, bei inapanda. Ukipata wawili wa aina moja na daraja moja unawaunganisha, wanakuwa mmoja wa daraja la juu, na huyo mpya naye anaweza kuwa wa aina yoyote kati ya zile 5.

Uamuzi wake mgumu ni huu: uwanja umejaa, bosi, yaani adui mkubwa, anakuja, una wachawi wawili wa barafu wa daraja la tatu wanaokufaa sana. Ukiwaunganisha unapata chumba kitupu na askari mwenye daraja kubwa, lakini huenda akatokea mpiga mishale ambaye hukumhitaji. Ukiwaacha, huna pa kumweka mwingine. Mabosi nao wana vituko vyao. Gorgon kwa mfano anawageuza askari wako kuwa mawe, kwa hiyo ulinzi ulioutegemea mtu mmoja unaweza kuzimika mbele ya macho yako.

Nguvu yake kubwa, na sababu ya mimi kuitaja kabisa, ni kucheza wawili upande mmoja. Wewe na mwenzako mnalinda pamoja dhidi ya mawimbi yanayozidi kuwa makali, kila mmoja na uwanja wake, na mnaona mmefika wimbi la ngapi. Ndugu aliyeko Kigoma na mwingine aliyehamia Tabora wanaweza kulinda ngome moja usiku wakiwa wanaongea kwa simu nyingine. Halafu mtandao ukisitasita sekunde mbili huumii kama kwenye Clash Royale, kwa kuwa askari ukishawaweka wanaendelea kupiga wenyewe.

Udhaifu ni bahati, na juu ya bahati kuna mkusanyo. Kila unapokuza kadi, hata usiyoitumia, pigo kali la askari wako wote linaongezeka. Maana yake mwenye kadi nyingi zilizokuzwa anakupiga zaidi kwa kadi ileile uliyonayo wewe. Mkiwa wawili mnasaidiana hilo halichomi. Mkiwa mnashindana linachoma. Kwa hiyo icheze kwa kushirikiana, na mashindano yawe ya kupitisha muda.

Prime World: Defenders, kwa mwenye kompyuta

Nitaipitia kwa ufupi kwa sababu wenye kompyuta ya kuchezea gemu si wengi. Ni ya Nival, ya mwaka 2013, na ndiyo iliyoshika kweli wazo la kadi ndani ya gemu ya minara ya kawaida: njia, mawimbi, na minara unayojenga kando ya njia. Kila mnara ni kadi. Ukimaliza hatua unapewa kadi za bahati, na kadi usizozitaka unazichoma ndani ya unazozitaka ili zikue. Unacheza peke yako dhidi ya gemu, kwa hiyo hakuna tajiri wa kukupita.

Mwanzoni inanoga sana, kwa sababu kila hatua inakupa mnara mpya wa kujaribu. Katikati inachosha. Hatua zinakuwa ngumu kuliko kadi zako, na dawa yake ni kurudi kwenye hatua za zamani uzirudie na kuzirudia ili ukusanye kadi za kukuzia. Mwenye subira ataifurahia. Asiye nayo ataiacha katikati, na sitamlaumu.

Kingdom Rush: minara minne na akili yako

Ironhide ya Uruguay waliitoa 2011, ikaanzia kwenye kompyuta kisha ikahamia simu. Picha zake ni za katuni, wazi na safi, na hata kwenye kioo kidogo unaona nani anakuja. Minara ya msingi ni minne. Ya wapiga mishale inagharimu 70, kambi ya askari 70, ya wachawi 100 na ya mizinga 125. Basi. Dhahabu ya kujengea unaipata ndani ya pigano hilohilo kwa kuua maadui, na kila hatua unaanza kwa kiasi sawa na mchezaji mwingine yeyote duniani.

Kutokana na minara hiyo minne inatoka gemu pana ajabu. Mshale unachelewa kumuua mwenye deraya, lakini uchawi unaipita deraya kana kwamba haipo. Mzinga unafagia kundi zima kwa mpigo, ila haugusi kinachoruka. Wanaoruka wanawapita pia askari wa kambi, kwa hiyo uliyejaza kambi na mizinga utashangaa vizuka wenye mabawa wakipita juu ya vichwa vya watu wako hadi langoni. Siri ya kwanza ninayompa kila anayeanza ni kambi ya askari: isogeze bendera yao mpaka kwenye kona ya njia, pale ambapo mzinga mmoja unafikia njia ya kwenda na ya kurudi. Askari watatu wanamzuia adui, adui wa nyuma wanarundikana, na bomu linawakuta wote mahali pamoja. Ukiweka bendera kwenye mstari ulionyooka unapoteza nusu ya kazi ya mzinga huo.

Mnara ukikua hadi mwisho unakutaka uchague njia moja kati ya mbili, na chaguo hilo linabadilisha pigano. Una na mvua ya moto pamoja na askari wa dharura wa kuita bila kulipa dhahabu, wanaojirudia baada ya muda. Uhai wako ni 20, na ukimaliza hatua ukiwa na 18 au zaidi unapata nyota 3. Nyota hizo unanunulia maboresho ya kudumu, na ukiona umekosea kuzigawa unazirudisha zote na kuzipanga upya bila gharama. Jambo hili nalipenda kuliko yote. Kwenye gemu za kadi, dhahabu uliyoizamisha kwenye kadi mbaya imekwenda.

Inachezwa bila intaneti. Kwa mtu wa reli ya kati, hilo peke yake ni hoja nzito. Treni ikitoka Kigoma kwenda Tabora, ukishaipita Uvinza kuna vipande virefu kuelekea Malagarasi na Kaliua ambako simu haioni mnara wowote wa mtandao. Clash Royale na Rush Royale hazifunguki huko. Kingdom Rush inaendelea kama uko sebuleni.

Tena inasimamishwa. Dereva wa bodaboda aliye kwenye foleni hana dakika 3 za uhakika. Abiria akitokea, mechi ya Clash Royale imeshaliwa. Kwenye Kingdom Rush unabonyeza kitufe, unampeleka abiria Bangwe, unarudi na kukuta mazimwi yamesimama palepale ulipoyaacha. Ukipotea mwezi mzima ziwani, ukirudi hakuna aliyekupita levo.

Udhaifu upo na sitaufunika. Inakwisha. Hatua kuu za ile ya kwanza ni 12, pamoja na changamoto za ziada, na mwenye ari atazimaliza. Ukijua adui wa hatua fulani wanatoka wapi na lini, mshangao umekwenda. Haina mtu wa upande wa pili, kwa hiyo ile kelele ya kijiweni, watu watano wamekizunguka kioo kimoja wakimshangilia anayemalizia mnara, huipati. Baadhi ya mashujaa kwenye simu huuzwa kando, ingawa gemu inamalizika bila hao.

Hela na watoto

Kingdom Rush huuzwa kwa bei ya mara moja, na bei hiyo huwa inashushwa nyakati fulani, hivyo iweke kwenye orodha yako dukani uivizie. Kwa asiye na kadi ya benki, baadhi ya huduma za pesa kwa simu hutoa kadi ya mtandaoni unayoijazia kiasi unachotaka. Jaza kiasi cha gemu tu, usiache salio ndani. Clash Royale na Rush Royale ni bure kupakua, lakini duka lao liko wazi kila siku na ofa zina saa inayohesabu kurudi nyuma. Mtu anayenunua kidogo kidogo, leo kidogo na wiki ijayo kidogo, mara nyingi anapita bei ya Kingdom Rush kabla hajagundua.

Kwa mzazi ninalo la kusisitiza. Ubelgiji ilitamka mwaka 2018 kwamba masanduku ya bahati yanayonunuliwa kwa pesa ndani ya gemu, bila kujua mna nini ndani, yanaangukia kwenye sheria ya kamari. Kwetu usisubiri tamko. Kabla ya kumpa mtoto simu, ingia kwenye mipangilio ya duka la programu, weka nenosiri kwa kila manunuzi, na uiondoe kadi ya malipo kama imehifadhiwa humo. Mama mmoja jirani aliniuliza, "Mbona mwanangu anasema gemu ni ya bure na hela yangu inapungua?" Gemu ilikuwa ya bure kweli. Sanduku halikuwa la bure.

Kwa hiyo mwenye mtandao mzuri, marafiki wanaocheza na moyo wa kushindwa bila kukimbilia kununua kwa hasira, achukue Clash Royale na aifurahie. Hatapata ushindani mtamu kuliko huo. Wawili wanaopendana na wako mbali, Rush Royale, upande wa kushirikiana. Mwenye kompyuta na subira, Defenders. Wengine wote ninaowajua hapa Kigoma, Kingdom Rush kwanza, na ukiimaliza, Frontiers ya 2013 na Origins ya 2014 zinaendeleza palepale kwa minara mipya.

Nyumba nyingi zina simu moja ya gemu na watoto watatu. Kingdom Rush ina nafasi 3 za kuhifadhi, kila mtoto na yake, na mdogo akianza upya hafuti nyota za kaka yake.